Shule ndogo za Vihiga zipewe pesa ya msingi kabla ya kuhesabu vichwa

Ndugu Mhariri,

Mirembe, yaani amani, kutoka Sabatia, kaunti ya Vihiga. Kuna msomaji wenu wa Nakuru aliandika hapa juzi akisema ati shule za msingi huku Magharibi zimezidi, watoto ni wachache, na serikali ifunge zile ndogo zote watoto wapelekwe kwa zile kubwa ili pesa ya umma isipotee. Nimesoma barua yake mara mbili na sina ubaya na yeye, nusu ya maneno yake ni ukweli mtupu. Ile nusu ingine ndo imenifanya nishike simu niandike, manake inaonekana anaandika akiwa mahali watu wanaongezeka na sisi tuko mahali watu wanahama, na hizo ni hesabu mbili tofauti kabisa.

Mimi nina duka karibu na geti ya shule ya msingi, nauza unga, sukari, sabuni, kalamu, na pia ni wakala wa M-Pesa. Si mwalimu na sijawahi kukaa kwa bodi ya shule yoyote. Lakini mwenye duka kijijini anaona pesa ikiingia na ikitoka, anajua ni mwezi gani watu wanakopa na ni mwezi gani wanalipa, kwa hivyo nitaongea kwa upande huo, mambo ya silabasi nawaachia wenyewe.

Kwanza watu. Sensa ya 2019 ilitupata Vihiga tukiwa 590,013, na kila kilomita moja mraba ilikuwa na watu 1,047. Ukitoa Nairobi na Mombasa hakuna kaunti ingine Kenya imebanana kutushinda, na sisi si mji, sisi ni migomba, mahindi, mikaratusi na majani chai ya kule Hamisi. Mtu akisikia hivo anasema basi shule lazima zijae. Sasa rudi kwa sensa ya 2009, tulikuwa 554,622. Yaani miaka kumi tumeongezeka kama asilimia 6 tu, na Kenya nzima ikatoka milioni 38.6 ikafika milioni 47.6, hiyo ni asilimia 23. Nakuru nayo ilitoka 1,603,325 ikafika 2,162,202, karibu asilimia 35! Kwa hivyo ndugu yangu wa Nakuru, ukiuliza watoto wa Vihiga wameenda wapi, wengine wako huko kwenu, wako Kaptembwo na Rhonda kwa nyumba za kupanga, wanabanana kwa madarasa yenu, na pesa ya serikali ya kuwasomesha inawafuata huko.

Hii kuhama haikuanza jana. Wazee wetu walianza kutoka wakati wa mkoloni, kodi ya nyumba ilitakiwa kwa pesa taslimu na shamba halikuwa linatoa pesa taslimu, wakaenda reli, wakaenda mashamba ya chai Kericho, wakaenda Nairobi. Baada ya uhuru wengine wakapata mashamba Lugari na Kitale, wengine wakavuka mpaka Kigumba kule Uganda na hadi leo wako huko. Waliobaki wakaendelea kugawa. Mzee mwenye ekari nne akigawia vijana wanne kila mmoja anapata moja, huyo wa moja naye akipata vijana watatu sasa unagawa nini, unagawa mahali pa nyumba na mahali pa kaburi. Huku kwetu mvua ni ya kutosha, tunapanda mara mbili kwa mwaka, udongo si mbaya, lakini robo ekari ni robo ekari, hata ukiweka mbolea namna gani haiwezi kulisha familia mwaka mzima, gunia linaisha na unaanza kununua mahindi kwa gorogoro kama mtu wa mjini.

Alafu kuna ile ingine watu hawapendi kuongea kwa baraza. Wamama wa siku hizi hawazai kama nyanya zao. Mwisho wa miaka ya sabini ule utafiti wa uzazi ulipata mwanamke Kenya anazaa watoto 8 kwa wastani, ule wa 2022 umepata 3.4. Mimi nasema ni vizuri, tuliambiwa na manesi tupange uzazi tukapanga, wasichana wanamaliza shule kabla ya kuolewa, nani atalalamika. Lakini hakuna ofisi ilikaa chini ikajiuliza, je, shule iliyojengwa kwa hesabu ya watoto wanane kila boma itakula nini boma likiwa na watatu, na hao watatu mmoja ako akademi ya Chavakali na mwingine amechukuliwa na mamake Nairobi?

Na hizi shule zilijengwa kwa wivu pia, tuseme ukweli. Wamishonari wa Friends walifika Kaimosi 1902, wakaja Church of God, wakaja Wapentekoste wa Nyang'ori, Salvation Army, Wakatoliki, Waanglikana wa upande wa Maseno, na kila kanisa lilitaka shule yake, kila ukoo ulitoa kipande cha shamba ili shule iitwe kwa jina la kwao. Ndo maana huku unaweza kusimama mahali pamoja ukasikia kengele za shule mbili. Hapo ndugu wa Nakuru amenishika, sibishani. Kuna shule zinapakana ua kwa ua, hii ina walimu wanne na ile ina watano, na zote mbili zinalia zina upungufu wa walimu. Ukiuliza mbona haziungani unaambiwa hii ni ya Friends na ile ni ya PAG, kanisa la Wapentekoste. Watoto wenyewe wanacheza pamoja jioni wala hawajui kitu kama hicho.

Siasa nayo ikaongeza. Tangu NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, ianze 2003 ikiitwa CDF, mjumbe anataka kitu cha kufungua na utepe, na darasa ndo rahisi kuliko yote, mawe tunayo, mchanga upo, fundi yupo. Hakuna mtu alikuwa anauliza darasa ni la watoto gani. Hata serikali kuu haikuuliza vizuri, mnakumbuka wakati wa marehemu Profesa Magoha akiwa waziri wa elimu madarasa ya mtaala mpya wa CBC yalijengwa kwa haraka kote nchini, mpango ulikuwa madarasa 10,000, na yalijengwa kwa shule za sekondari kwa sababu junia (Gredi 7 hadi 9) ilikuwa iende huko, alafu mwisho wa 2022 ikaamuliwa junia ikae kwa shule za msingi. Madarasa yakawa upande mmoja wa barabara na watoto upande wa pili. Nani aliulizwa? Hakuna.

Sawa, sasa twende kwa pesa, hapo ndo nataka ndugu wa Nakuru anisikilize.

Kijiji chetu hakiishi kwa shamba. Shamba linatupa ndizi, mrenda, saga, kuku wawili watatu, maziwa kidogo kama una ng'ombe. Pesa yenyewe inatoka kwa milango michache sana. Kuna pesa ya simu, hiyo inatumwa na vijana walio Nairobi, Nakuru, Eldoret, siku hizi pia Saudia na Qatar, na inakuja kwa misimu, shule zikifunguliwa inakuja, kukiwa na matanga inakuja, Krismasi inakuja na mwenyewe ndani ya basi, tarehe 26 Desemba wote wako Mbale yetu ya hapa Vihiga kwa sherehe ya utamaduni wa Kimaragoli, kisha Januari kijiji kinakauka kabisa. Kuna bonasi ya majani chai kwa wale wa Mudete, mara moja kwa mwaka. Kuna pensheni za wazee waliofanya kazi reli na ualimu, kuna ile pesa ya serikali ya wazee ambayo inachelewa mpaka watu wanasahau. Na kuna shule.

Shule ndo pekee inaleta pesa kila mwezi bila kukosa. Mwalimu wa TSC, ile tume inayoajiri walimu wa serikali, ndo mtu wa peslipu huku kwetu. Akilipwa mwisho wa mwezi analipa nyumba, analipa daftari langu la madeni, mama wa maziwa analipwa, kijana wa boda anayembeba asubuhi na jioni analipwa, chama cha wamama kinapata mchango wake, na kanisa Jumapili linapata sadaka yenye noti. Ule mwaka wa 2018 TSC ilipoanza kuhamisha walimu mbali na kwao, sisi wenye ploti tulifurahi kwa siri (nasema tu ukweli), walimu wageni walipanga nyumba kwa sababu hawana boma hapa. Baada ya uchaguzi wa 2022 walipoanza kurudishwa makwao vyumba vikabaki wazi, na walimu wetu waliorudi wanalala kwa boma zao, wanakula ugali wa shamba lao. Ni vizuri kwa familia zao lakini kwa ploti ni hasara, na hiyo tu inakuonyesha venye walimu kumi wanaweza kupandisha ama kushusha soko la kijiji kizima.

Na si walimu peke yao. Hesabu mwenyewe. Mpishi wa githeri, askari wa usiku, mama wa mandazi getini, mama mwingine wa miwa na maparachichi, fundi wa nguo anayeshona yunifomu na kubandika sweta, mzee wa kuni, mkulima anayeuza maharagwe debe mbili tatu kila muhula, fundi wa mjengo anayerekebisha madawati. Jumamosi viti na sufuria za shule ndo tunazikia watu. Uwanja wa shule ndo uwanja wa baraza la chifu, ndo mahali pa kupigia kura, ndo mahali vijana wanacheza boli badala ya kukaa kwa chang'aa. Na yule nyanya anayelea wajukuu wanne kwa sababu mama yao yuko Saudia, kwake shule ndo mahali watoto wako salama kuanzia asubuhi mpaka saa tisa ili yeye apate kwenda kulima ama kuuza ndizi Chavakali. Ukifunga hiyo shule hujafunga madarasa peke yake.

Mwaka wa 2025 tulionja kidogo. KCPE, ule mtihani wa kumaliza Darasa la Nane, ya mwisho ilifanywa 2023, wale wakaingia Form One 2024, kisha 2025 nchi nzima hakukuwa na Form One, manake wale wa CBC walikuwa bado Gredi 9 kwa shule za msingi. Wengi wenu mjini pengine hata hamkuona. Sisi tuliona. Mtu wa masanduku alikaa, wa magodoro alikaa, fundi wa yunifomu alikaa, na sekondari zetu za kutwa zilikuwa na madarasa matatu badala ya manne lakini bili ya stima na mshahara wa askari vikabaki vilevile. Mwaka huu wa 2026 Gredi 10 wameingia, lakini shimo lile bado liko ndani, hakuna Form Two, na litatembea na hizo shule mpaka litoke upande wa pili.

Hapo ndo nafika kwa lile neno langu la pesa ya msingi. Serikali inatuma pesa kwa shule kwa kuhesabu vichwa. Shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, junia ni 15,042, sekondari ya kutwa ni 22,244, ingawa Julai 2025 waziri wa fedha John Mbadi aliwaambia wabunge wazi kwamba hiyo ya sekondari haifiki yote, inafika kama 16,900. Mjini hesabu ya vichwa inaonekana haki. Tuchukue shule ya Nakuru yenye watoto 900 wa msingi, hiyo ni 1,278,000 kwa mwaka. Tuchukue shule ya huku yenye watoto 150, hiyo ni 213,000. Na hiyo 213,000 si yote inafika kwa hedi (mwalimu mkuu), vitabu vinanunuliwa Nairobi na kuletwa tangu 2018, na kinachobaki kinakuja vipande vipande, nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili, asilimia 20 muhula wa tatu. Hata tukisema yote ifike bila kukatwa hata senti, muhula wa tatu hiyo shule ndogo inapata 42,600. Askari mmoja ukimlipa 8,000 kwa mwezi, miezi mitatu ni 24,000 hapo hapo. Imebaki 18,600 ya chaki, stima, karatasi za mtihani, dawa ya choo, nauli ya hedi kwenda ofisi ya elimu, na paa likipeperushwa na upepo mwombe Mungu.

Shule ya 900 pia inahitaji askari, pengine wawili. Inahitaji geti moja, mita moja ya stima, hedi mmoja, stoo moja. Matatu ya kwenda Luanda ikiwa na abiria watatu inachoma mafuta sawa na ile imejaa, na hakuna mtu anaambia dereva apewe mafuta ya watu watatu. Lakini kwa shule ndo tunafanya hivyo kila muhula, kisha tunashangaa mbona shule ndogo zinaanguka mitihani na mbona wazazi wanahamisha watoto. Na wakihamisha pesa inapungua tena, walimu wanapunguzwa, wazazi wengine wanahamisha, mpaka siku moja afisa anakuja anaangalia rejista anasema hii shule haina watoto, ifungwe. Hiyo shule haikufa kwa kukosa watoto peke yake, ilinyimwa chakula kwanza.

Nani anajaza hilo pengo? Mzazi. Walimu wa bodi, wale shule inajiajiria yenyewe, wanalipwa na wazazi, pesa ya mtihani ni wazazi, mahindi na maharagwe ya chakula cha mchana ni wazazi, na mzazi mwenyewe hapa ni nyanya anayengoja simu ilie. Kwa hivyo ile elimu tunaambiwa ni bure kwa shule kubwa ni karibu bure kweli, kwa shule ndogo mtoto mmoja anabeba mzigo wa watoto sita. Yaani mwenye kidogo ndo analipa zaidi. Nimeona wamama wakikopa kwangu unga ili walipe mia mbili ya mtihani na sijui nimlaumu nani.

Junia nayo ni kesi yake peke yake. Junia yenye watoto 60 madarasa yote matatu inapata 902,520 ukizidisha na ile 15,042. Inaonekana nyingi. Lakini junia inatakiwa iwe na mwalimu wa hesabu, wa sayansi, wa kilimo, wa lugha, na wengi wa hao walioletwa ni mainterni wa 20,000 kabla ya makato, mwalimu mmoja anafundisha somo alilosomea na matatu hajui. Maabara hakuna. Hapa mimi na ndugu wa Nakuru tunakubaliana kabisa, junia zenye watoto ishirini ishirini ziunganishwe. Mtoto wa miaka 13 anaweza kutembea kilomita mbili tatu, na akipata maabara na mwalimu wa kemia huko mwisho wa safari, atembee tu. Shule tatu jirani zichague moja iwe ya junia, basi, na hayo mambo ya Friends na PAG tuyaache kwa ibada ya asubuhi.

Lakini mtoto wa PP1, yaani chekechea, mpaka Gredi 3 usinihamishie. Huyo ana miaka minne, mitano, minane. Ukimwambia avuke barabara ya Kisumu kwenda Kakamega saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na matatu zinakimbiza abiria wa Mbale, wewe unataka kuzika mtoto. Ama avuke kijito wakati wa masika. Nyanya wa miaka 70 hawezi kumsindikiza kilomita tatu na kurudi mara mbili kwa siku, na boda ya kila siku ni pesa hana. Kitakachotokea kinajulikana, mtoto atakaa nyumbani mpaka awe mkubwa, aanze shule akiwa amechelewa. Kwa hivyo hizo shule ndogo zikibaki za watoto wadogo tu na walimu wachache wazuri, mimi sioni ubaya, madarasa yatakayobaki wazi yapewe kaunti iweke maktaba ama mafunzo ya ufundi kwa vijana, manake watoto wa chekechea tayari ni wa kaunti kwa katiba ya 2010, kwa hivyo gavana hawezi kusema hilo geti halimhusu.

Sasa hii ya pesa ya msingi si mimi nimeiota kwa duka. Ile kamati ya rais ya marekebisho ya elimu iliyoongozwa na Profesa Raphael Munavu ilitoa ripoti 2023, na ndani yake ilisema kila shule ipewe kwanza kiwango cha chini cha kuendesha shule, iwe na watoto wengi ama wachache, kisha ndo vichwa vihesabiwe. Yaani walishaona. Maprofesa walizunguka nchi wakasikiliza watu, wakaandika, wakakabidhi rais. Yale mengine ya kamati hiyo ambayo hayana gharama kubwa yalitekelezwa haraka sana, junia ikakaa kwa shule za msingi, majina ya shule yakabadilishwa tukaambiwa sasa ni shule za kina (comprehensive), wakapaka rangi mabango. Hii ya pesa ndo ikanyamaza.

Na nikiwa hapo, jambo dogo tu, kama serikali ama NG-CDF itaweka pesa ya chakula kwa hizi shule, inunue hapa hapa. Inasikitisha kuona lori la maharagwe likitoka mbali likipita kwa wamama wa Sabatia wenye maharagwe kwa debe. Shule tano zikinunua ndizi, mboga na maziwa kwa wakulima wa kata moja, hiyo ni soko la uhakika, na kijana mwenye robo ekari anaweza kuona sababu ya kubaki badala ya kwenda kulinda geti ya mtu Nakuru. Sisemi wote watabaki. Wachache wakibaki na wakaoa, shule itapata watoto, si ndo hesabu yenyewe?

Najua kuna watakaosema shule ndogo zinatumiwa kuiba, majina ya watoto hewa yanawekwa kwa mfumo ili pesa iongezeke. Inatokea, na wanaofanya hivyo washikwe. Lakini pia muelewe mahali tamaa hiyo inazaliwa, ukimwambia hedi kwamba atakula kwa idadi ya vichwa na vichwa havipo, umemuonyesha njia. Ukimpa pesa ya msingi inayotosha askari na stima hata akiwa na watoto 80, hana haja ya kuandika majina ya watoto waliohamia Kitale.

Sensa ingine ni 2029. Mimi naona itatupata tumezeeka zaidi, na hatuwezi kungoja mpaka hapo ndo mtu aamue. Vihiga tuna wabunge watano, wa Vihiga, Sabatia, Hamisi, Luanda na Emuhaya, na wote wanakuja matangani kila Jumamosi kuongea kwa maiki. Naomba Jumamosi ijayo, kabla ya kutaja uchaguzi wa 2027, kila mmoja atuambie mambo matatu: lile pendekezo la Munavu la pesa ya msingi liko kwa droo ya nani, yeye mwenyewe ameliuliza bungeni mara ngapi, na kwa bajeti ya Juni litaingia ama halitaingia. Wakijibu, Mhariri, nitakuandikia walivyosema, neno kwa neno.

Mwenye duka,
Sabatia, Vihiga